Nataka kumjua mwanamke wa pili



Sisi waandishi wa habari tuna ugonjwa. Unaitwa "mwanamke wa kwanza". Mwanamke akipewa cheo, akishika usukani wa basi, akirusha ndege, kichwa cha habari tunacho mfukoni tangu asubuhi. Tunafika, tunapiga picha, tunamuuliza anawapikia wanawe saa ngapi, tunaondoka. Akija wa pili hatuendi. Mhariri anasema hiyo si habari tena.

Nimekuwa nikiufikiria ugonjwa huu kwa siku kadhaa, na naona hakuna mahali unapoonekana vizuri kama kwenye habari za wanawake waliotumikia majeshi ya anga wakati wa vita. Vita vikianza, wanaitwa. Vikiisha, wanaambiwa asanteni, rudini nyumbani. Miaka 30 ikipita anatokea mwingine, nasi tunamtangaza upya: wa kwanza!

Niliyaanza mawazo haya Chimala. Kwa msiopita njia hiyo, Chimala ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Upande mmoja unaiona mbuga ya Usangu na mashamba ya mpunga hadi macho yachoke. Upande wa pili umesimama ukuta wa milima, na barabara ya kupanda kwenda Matamba na Kitulo ina kona 57. Watu wanazihesabu. Magari ya viazi yanashuka huku yakinuka breki.

Nilikuwa nimekaa kijiweni karibu na stendi nikisubiri usafiri. Ikapita ndege ya abiria juu, nadhani ilikuwa inaelekea Songwe. Binti mmoja wa kidato cha nne, aliyekuwa anamsaidia mama yake kuuza ndizi, akasema akimaliza shule anataka kwenda JKT, kisha jeshi la anga, awe rubani. Alisema kawaida tu, kama mtu anayesema anataka kuwa mwalimu.

Kijana mmoja wa bodaboda akamjibu: "Wewe urushe ndege? Labda ungo."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Binti naye akacheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Sasa jamani, ule ulikuwa utani, na utani wa Mbeya naujua. Lakini utani huo una mizizi. Katika hadithi zetu mwanamke anayeruka ana chombo kimoja tu, nacho ni ungo. Anaruka usiku, uchi, na anakwenda kuroga. Magazeti ya udaku yameuza nakala nyingi kwa picha za bibi "aliyedondoka na ungo" uani kwa watu. Na tukicheka tukumbuke kwamba katika nchi hii wapo bibi waliokatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Mwanamume akiruka tunampa mshahara na nyota mabegani. Mwanamke akiruka tunamwita mganga aje kumtoa.

Msidhani ni sisi tu. Twendeni mbali kidogo, Urusi ya mwaka 1941. Hitler ameivamia Umoja wa Kisovieti na ndege za Wajerumani zinapiga watakavyo. Mwanamama aitwaye Marina Raskova, mwana-anga aliyekuwa maarufu hata kabla ya vita, akapata kibali cha kuunda vikosi vitatu vya wanawake. Cha 586 kilikuwa cha ndege za kupigana angani, cha 587 cha ndege za kudondosha mabomu, na cha 588 cha kupiga mabomu usiku.

Hawa wa 588 ndio wanaonishangaza. Walipewa ndege za Po-2, za mbao na turubai, ambazo kabla ya hapo zilitumika kufundishia na kunyunyizia dawa mashambani. Zilikwenda polepole. Hadi mwaka 1944 walizirusha bila miavuli ya kujiokolea. Mafundi wao walikuwa wanawake. Waliobeba mabomu na kuyafunga chini ya mbawa, gizani, kwenye baridi ya kukata vidole, walikuwa wanawake. Wakikaribia kwa adui walipunguza moto wa injini, ndege ikateleza kimyakimya, kikasikika kivumo cha upepo tu. Mpaka vita vinakwisha walikuwa wameruka zaidi ya mara 23,000 kwenda kupiga.

Wajerumani waliwaita nani? Wachawi wa usiku. Walisema mvumo ule ni kama wa ufagio, maana mchawi wa Ulaya husafiri kwa ufagio kama wa kwetu anavyosafiri kwa ungo. Tofauti ni kwamba wasichana wale walilichukua tusi wakalivaa kama nishani.

Halafu? Oktoba 1945 kikosi kikavunjwa. Wengi wakarudi uraiani.

Marekani nako hadithi ni ile ile, na wao wameongeza chumvi. Mwaka 1943 waliunda kundi la marubani wanawake lililojulikana kwa kifupi WASP. Wanawake 1,074 walihitimu. Kazi yao ilikuwa kuzitoa ndege viwandani na kuzifikisha kambini, kuzijaribu baada ya matengenezo, na kuvuta shabaha angani ili wanajeshi wa kiume wajifunze kulenga kwa risasi za moto. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wanawake 38 walikufa kazini. Lakini kwenye karatasi walikuwa raia. Mmoja akifa, jeshi halikugharamia mazishi. Wenzake walichangishana ili maiti ifike kwao, kama tunavyochangishana rambirambi ofisini, na jeneza halikufunikwa bendera ya taifa.

Desemba 1944 kundi likavunjwa na nyaraka zao zikafungiwa. Miaka ikapita. Ilipofika 1976, Jeshi la Anga la Marekani likatangaza kwamba wanawake sasa wataanza kufundishwa urubani wa kijeshi, na habari ikaenea kwamba ni kwa mara ya kwanza.

Hebu fikiria wewe ni bibi wa miaka 55, umezika rafiki zako wawili kwa pesa ya mfukoni, unafungua redio unasikia "mara ya kwanza". Bibi hao waliwaka. Walikwenda hadi bungeni, na mwaka 1977 ndipo sheria ikawatambua kuwa maveterani. Miaka 33 baada ya kuvunjwa!

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri hiyo "mara ya kwanza" yetu. Mara nyingi maana yake ni kwamba waliotangulia hatukuwaandika.

Turudi nyumbani, Afrika Mashariki.

Kenya, tarehe 2 Mei 2024, Rais Ruto alimteua Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed kuwa Kamanda wa Jeshi la Anga. Ilikuwa wiki mbili baada ya Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, kufa kwa ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili. Magazeti yote: mwanamke wa kwanza. Ni kweli kabisa, na hata kabla ya hapo alikuwa wa kwanza kufika Brigedia mwaka 2015 na wa kwanza kufika Meja Jenerali mwaka 2018. Nampongeza.

Lakini mama huyu hakudondoka kutoka mawinguni. Aliingia jeshini mwaka 1983. Wakati huo wanawake wa Kenya walikuwa kwenye kikosi chao peke yao, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuvunjwa mwaka 1999, ndipo wakachanganywa na wanaume katika matawi yote ya jeshi. Kwa hiyo nyuma ya "wa kwanza" huyu kuna karibu miaka 30 ya wanawake waliokwenda gwaride, waliochapa barua, waliopokea simu, waliopanga stoo. Majina yao yako wapi? Nani amekwenda kuwahoji?

Utasikia mtu anasema: "Lakini huyo mama amekulia kwenye utumishi na ugavi, si rubani. Atawaongozaje marubani?" Swali hilo nitalijibu huko mbele, maana ndilo linalotupotosha.

Uganda wana hadithi ambayo mimi naipenda zaidi, ingawa inaumiza. Rebecca Mpagi alijiunga na jeshi la NRA mwaka 1986, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa rubani wa kijeshi, na akapanda hadi cheo cha Brigedia. Huyo ni wa kwanza, anajulikana. Nyuma yake akaja Naomi Karungi. Alikuwa rubani wa helikopta, akafika Luteni Kanali, akapewa kuongoza kikosi cha helikopta. Tarehe 14 Januari 2020 alikuwa angani na mwanafunzi wake, kijana wa kiume, kwenye safari ya mafunzo. Helikopta ikaanguka wilaya ya Butambala. Wote wawili wakafa.

Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Mwanamke huyu hakufa akiwa anapigiwa picha za "wa kwanza". Alikufa akifundisha. Alikuwa amefika mahali ambapo mwanamke jeshini si sherehe tena, ni mwalimu wa zamu wa siku hiyo, na kijana wa kiume amekaa pembeni yake anajifunza. Hapo ndipo tunapotakiwa kufika. Kwangu mimi, Karungi ndiye mwanamke wa pili.

Na sisi Watanzania je?

Sisi vita vyetu ni vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Darasani tulifundishwa vita vya miguu: daraja la Mto Kagera, mizinga, vijana waliotembea hadi Kampala. Vita vya angani tunavisikia kidogo, wakati vilikuwepo. Ndege za Amin zilipiga Bukoba. Machi 1979 ndege ya Libya, aina ya Tu-22, ilitumwa kuilipua Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, waliokufa wakawa wanyama wa hifadhi. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga Entebbe, Kampala na Jinja.

Lipo tukio jingine ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini. Novemba 1978, pale Musoma, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa na walinzi wa anga wa upande wetu wenyewe. Walidhani ni adui. Sisemi haya kumcheka mtu yeyote. Vita vilikuwa na wiki chache tu, watu wana hofu, kila kinachonguruma juu ni Amin.

Nalitaja kwa sababu linatufundisha jeshi la anga ni kitu gani. Rubani akiwa peke yake ni mtu aliyekaa kwenye bati linalokwenda kasi. Ili aruke na arudi salama, lazima yupo anayejua ni saa ngapi ameondoka, yupo aliyepiga simu Musoma kusema hao wanaokuja ni wetu, yupo anayesoma rada, yupo aliyekaza nati, yupo aliyejaza mafuta, yupo aliyekunja mwavuli, yupo aliyeandika kwenye daftari. Pete moja ikikatika, ndege tatu zinaanguka na adui hata hajafyatua risasi.

Waingereza waliligundua hilo mwaka 1940 walipokuwa wanapigwa na Wajerumani. Wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi lao la anga walikaa kuzunguka meza yenye ramani kubwa, wana vijiti virefu mkononi, wanasogeza vibao kuonyesha kila kundi la ndege lilipo, dakika kwa dakika. Marubani walipaa kwa kufuata meza ile. Mwaka 1943 kikosi hicho kilikuwa na wanawake zaidi ya 180,000. Hawakuwa wanapeperusha ndege. Lakini ukiwaondoa, ndege hazijui ziende wapi.

Na hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza kamanda asiye rubani ataongozaje. Ataongoza mnyororo. Sisi ndio tuliozoea kuiangalia pete moja tu, ile inayong'aa.

Tulipoamua kwamba anayehesabika ni rubani peke yake, tuliwafuta wanawake kwa mkupuo mmoja bila hata kukusudia. JKT ilianzishwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1966 iliwafanya wasomi, wavulana kwa wasichana, wapitie huko, na utaratibu ule uliendelea hadi 1994. Hesabu mwenyewe ni wasichana wangapi walikwisha kushika bunduki, redio na majembe kabla Amin hajavuka mpaka. Vita vilipoanza hawakuyeyuka.

Hapo hapo Chimala nilipelekwa kwa mama mmoja anayekaribia miaka 70. Jina nalihifadhi kwa sababu aliniomba. Nilimwamkia, akaniletea kigoda, akaendelea kupepeta mchele wake. Wakati wa vita, alisema, alikuwa kijana, amepitia JKT, na aliwekwa kwenye simu katika kambi moja ya Kanda ya Ziwa. Kazi yake ilikuwa kukaa usiku kucha na kisikizio sikioni. Taarifa ikiingia kwamba imesikika ndege, yeye anaandika saa na upande ilikotoka, anaunganisha kwa mkubwa wa zamu, anasubiri inayofuata.

Nikamuuliza: "Uliogopa, mama?"

"Mwanangu, niliogopa kusinzia."

Nikamuuliza ni nani mwingine amewahi kumhoji kuhusu vita. Akatikisa ungo mara mbili, pumba zikapaa. "Nani aje? Mume wangu alikuja kuulizwa, na yeye wakati ule alikuwa mkulima hapa hapa."

Sina la kuongeza. Waandishi walifika hadi kwenye nyumba yake, wakamhoji mwanamume aliyekuwa shambani, wakamwacha mwanamke aliyekuwa vitani anawachemshia chai.

Najua nitapingwa, kwa hiyo nijibu mapema.

Kuna watakaosema: wanawake na vita wapi na wapi, mwanamke analeta uhai, kwa nini mnampeleka kuua? Mimi si mpenda vita. Ningefurahi binti wa Chimala awe rubani maisha yake yote bila kudondosha hata jiwe. Kazi ya ndege za jeshi wakati wa amani ni nyingi: mafuriko, watu waliozingirwa na maji, mgonjwa anayetakiwa kushushwa kutoka mahali ambapo barabara ina kona 57. Ila vita vikija havichagui. Mabomu ya Bukoba hayakuuliza nani ana titi na nani ana ndevu. Kama mwanamke anaweza kufa kwa bomu, anaweza pia kulinda anga ili lisianguke. Na akishalinda, haki yake ndogo kabisa ni kuandikwa.

Wengine watasema jeshi lina siri zake. Sawa, na ziheshimiwe. Siulizi mizinga ilikuwa mingapi. Nauliza mama alikuwa wapi, alifanya nini, alilala wapi, alirudije. Miaka 40 na zaidi imepita. Siri gani imebaki kwenye daftari la simu za mwaka 1979?

Wengine watasema: mbona sasa mambo yamebadilika, tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu ni Rais Samia, na Septemba mwaka ule Dk. Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi? Ni kweli, na ni hatua kubwa. Lakini angalieni tena neno hilo: wa kwanza. Mwanamke aliyeko juu kabisa anaonekana kutoka kila mahali, ila mbali. Binti wa Chimala hawezi kumuuliza Rais namna ya kujaza fomu ya JKT, au ni masomo gani anatakiwa kufaulu, au unafanyaje siku ya kwanza wanaume 40 wanapokucheka. Maswali hayo yanajibiwa na mwanamke wa pili, wa tatu, wa kumi na saba. Fundi wa injini. Msoma rada. Sajenti mstaafu anayeuza duka la vifaa vya shule. Watu wa kawaida waliofanya kazi isiyo ya kawaida, ambao unaweza kuwapata kwa nauli ya daladala.

Mtu akikuambia wewe utakuwa wa kwanza, anakupa sifa na mzigo. Ukianguka, wanaanguka wanawake wote. Mtu akikuambia wako kumi kabla yako, huyu hapa namba yake, anakupa njia. Wasichana wetu wana sifa za kutosha kwenye mabango ya Machi 8. Wanachokosa ni njia.

Sasa tufanye nini? Mimi napendekeza mambo matatu, yote ya bei rahisi.

Moja, sisi waandishi tukiandika "mwanamke wa kwanza" tujilazimishe kuweka aya moja zaidi: nani walimfungulia mlango, na nani yuko nyuma yake. Tukishindwa kuijaza aya hiyo, tujue habari yetu haijakamilika, na mhariri airudishe.

Mbili, kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaonyesha silaha za asili na kuweka mashada. Wapo waliolala Kaboya kule Muleba na tunawaheshimu. Lakini miongoni mwa wazee walio hai wanaoitwa kusimulia vita, waitwe na kina mama. Wa jikoni, wa simu, wa wodini, wa stoo. Wakae mbele na wapewe kipaza sauti.

Tatu, na hili haliitaji kibali cha mtu: tuwahoji sasa. Aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala inaanguka alizaliwa mwaka 1959. Piga hesabu uone tuna muda gani. Kila mwezi tunaochelewa, kuna daftari linazikwa. Na siku moja Tanzania itamtangaza kwa mbwembwe mwanamke wa kwanza kufanya jambo fulani vitani, na kwenye kijiji fulani bibi atazima redio yake bila kusema kitu, maana yeye, tofauti na wale bibi wa Marekani, hana hata karatasi ya kupeleka bungeni.

Simu yako ina kinasa sauti. Wikiendi hii, ukienda kumsalimia bibi, mama mkubwa au shangazi, usianze na habari za afya na mvua tu. Muulize alikuwa wapi Aprili 1979 na alikuwa anafanya nini. Muulize jina la mwanamke aliyekuwa zamu pamoja naye. Kisha umtafute huyo.

Mimi nimeshampata mmoja, na ameniachia majina mawili. Mmoja yuko Makambako.

Naomba kuwasilisha.